Kitabu Chema Hakijiuzi



Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), aliyemtukuza mwanaadamu kwa elimu na kalamu. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Aali zake na Sahaba zake wote. Ama baada ya hayo.

Ndugu msomaji, nyumbani kwangu, chini ya kitanda, kuna maboksi manne. Kila boksi lina vijitabu 40. Ni kijitabu changu mwenyewe cha twahara na swala kwa watoto, chenye kurasa 64, nilichokiandika kwa miaka miwili kila baada ya darasa la Isha, na kukichapisha kwa gharama zangu mwanzoni mwa mwaka 2023. Mwezi uliopita mwanafunzi wetu mmoja wa darasa la juu alinijia na daftari lake la mashairi akaniuliza: "Ustadh, na mimi nataka kutoa kitabu. Nianzie wapi?" Nilitaka kumjibu aanze na Bismillahi. Kisha nikayakumbuka yale maboksi, nikamwambia anisubiri nimjibu katika jarida letu, ili na wenzake wanufaike, na wazazi nao wasikie, kwani sehemu ya jawabu inawahusu wao.

Wahenga wetu walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Nami niliiamini methali hiyo. Nilidhani maadamu kitabu ni cha dini, kimeandikwa kwa nia safi, na watoto wanakihitaji, basi kazi yangu inaishia pale mashine inapotema nakala ya mwisho. Maoni yangu leo ni kwamba methali hii, kwa upande wa kitabu, imetuponza walimu. Kitabu chema hakijiuzi. Lazima mwandishi akitembeze bila kuona haya, na lazima msomaji akinunue bila kuona kwamba anatoa sadaka. Nitaeleza kwa mambo yaliyonifika, kwa kuwa aliyeumwa na nyoka ndiye anayejua ilipo njia yake.

Hesabu kabla ya wino

Kwanza, na tuweke hesabu wazi. Kupangiwa kurasa na kutengenezewa jalada nililipa shilingi 150,000. Kuchapisha nakala 500 huko Dar es Salaam nililipa shilingi 1,250,000. Kuleta mzigo kwa basi hadi hapa Tanga, pamoja na wabebaji, shilingi 40,000. Jumla shilingi 1,440,000. Ukigawa kwa 500 unapata shilingi 2,880 kwa kila kijitabu.

Bei niliweka shilingi 4,000. Mwanafunzi wa hesabu atasema: "Ustadh anapata faida ya 1,120 kila nakala." Ndivyo nilivyodhani na mimi. Lakini maduka ya vitabu hayauzi bure. Wenye duka waliniomba asilimia 30 ya bei, na hiyo ni haki yao, kwa sababu wanalipa pango na taa. Basi nakala ikiuzwa dukani mimi napokea shilingi 2,800. Yaani kila kitabu kilichouzwa dukani kilinitia hasara ya shilingi 80, nami nikishukuru kwamba kimeuzwa! Kosa halikuwa la wenye duka. Nilipanga bei kabla ya kuuliza mzigo utapita mikono mingapi.

Ili nirudishe mtaji tu, bila senti moja ya faida, nilitakiwa kuuza nakala 360 kwa mkono wangu mwenyewe. Mpaka leo nimeuza 210. Nakala 60 nilizipeleka maduka mawili kwa mali kauli, nikalipwa za nakala 25. Nakala 70 nilizitoa bure. Zilizobaki ni zile 160 za chini ya kitanda. Fedha zilizorudi ni shilingi 910,000. Ninadai mfuko wangu shilingi 530,000, na katika hizo kuna shilingi 400,000 ambazo si zangu kabisa. Ni za mama watoto, aliyenipa zamu yake ya upatu akaacha kununua cherehani aliyoikusudia. Hajanidai hata siku moja. Lakini kila anapofagia akayavuta yale maboksi, mimi hutoka nje.

Aya ndefu kuliko zote

Pili, wanafunzi wangu mnajua kwamba aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'an ni ile ya 282 ya Suratul Baqara, na mnajua inahusu nini: kuandikiana deni na kuweka mashahidi. Nimeisomesha aya hiyo mara nyingi. Siku nilipokabidhi shilingi 1,250,000 kwa mchapaji sikuandikiana naye hata mstari mmoja. Nilisema ni Muislamu mwenzangu, tunaaminiana. Kana kwamba aya ile iliteremshwa kwa ajili ya watu wasioaminiana tu!

Mzigo ulipofika mwezi wa Februari, siku chache kabla ya Shaabani, nilifungua boksi la kwanza pale pale kituo cha mabasi. Ukurasa wa 41, wenye Suratul Ikhlas, ulinitoa jasho. Herufi za Kiarabu ziliachana, kila moja peke yake, na zilipangwa kutoka kushoto kwenda kulia. Ilikuwa si sura tena. Kurasa nyingine zilisalimika kwa kuwa Kiarabu chake nilikiweka kama picha, lakini ukurasa huu niliuongeza mwisho kwa haraka, nikapeleka faili la kawaida la kuandikia, na kompyuta ya mchapaji haikuwa na aina ile ya herufi. Laiti ningepeleka faili la PDF ambalo herufi zimefungwa humo humo, lisingetokea hilo.

Nilimpigia simu kwa hasira. Akanijibu kwa upole: "Ustadh, si nilikuita uje uone sampuli, ukaniambia nichape tu?" Alisema kweli. Niliona nauli ya kwenda Dar es Salaam na kurudi ni ghali. Kwa kubania nauli ya siku moja nikajikuta na vitabu 500 ambavyo siwezi kumpa mtoto hata mmoja, kwani nani atasimama mbele ya Mola wake akiwa amewasomesha watoto Qur'an iliyovurugika?

Waliokuwa darasa la nne mwaka ule wanakumbuka. Tulichapisha vipande 500 vya sura iliyo sahihi, tukakaa kwenye jamvi usiku baada ya usiku, gundi magotini, tukivibandika kimoja kimoja juu ya ukurasa wa 41. Allah awalipe. Ukiona nakala yako ina karatasi iliyobanduka pembeni, usiing'oe. Hapo ndipo walipokaa wenzako.

Basi anayetaka kuchapisha ajifunze kwangu bila kulipa. Andikianeni na mchapaji: idadi ya nakala, aina ya karatasi, siku ya kukabidhi, na nani atabeba gharama kosa likitokea. Usiruhusu mashine iwake mpaka uwe umeshika sampuli ya karatasi, umeisoma neno kwa neno, na umempa mwenzako mwenye elimu aisome pia, kwa sababu jicho la mwandishi husoma alichokusudia, si alichoandika. Na dukani ni vivyo hivyo. Mali kauli bila karatasi yenye saini haina mdai wala mdaiwa. Mmoja wa wenye duka aliniambia vitabu vyote vimeuzwa, na mwezi uliofuata akaniambia havijauzwa hata kimoja. Sina cha kumwonyesha, basi nimemwachia Mola.

Jambo jingine ni namba ya ISBN, ile yenye tarakimu 13 nyuma ya kitabu. Kwa hapa Tanzania hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba. Mimi niliidharau, nikadhani ni mapambo. Duka moja kubwa likakataa kukipokea kijitabu changu kwa kuwa hakina namba hiyo, kwani wao huagiza na kuhesabu vitabu kwayo.

Je, ni kuuza dini?

Tatu, nakuja kwenye lile linaloniuma zaidi. Kila nilipotaja bei palitokea wa kusema: "Ustadh, elimu ya dini inauzwa?" Na mwingine, kwa tabasamu: "Ustadh, nipe kimoja tu cha baraka." Wengine ni watu wenye uwezo, waliotoka kununua vocha za simu za shilingi 5,000 mbele yangu.

Mimi sikatai kwamba kuificha elimu ni dhambi, na hadithi za kuonya juu ya hilo tumewasomesha. Lakini elimu iliyomo kitabuni sijaificha. Naisomesha kila siku hapa jamvini, na asiyejiweza hatozwi ada. Kinachouzwa ni karatasi, wino, nauli na usiku ule. Na hata malipo ya elimu yenyewe yana asili katika dini yetu. Imepokewa katika Sahihi Bukhari kwamba baadhi ya Sahaba walimsomea Suratul Fatiha mtu aliyeumwa na mdudu mwenye sumu, wakapewa kundi la mbuzi. Waliogopa kula mpaka wamuulize Mtume (S.A.W.), naye akawaruhusu, akataka na yeye atengewe fungu. Wanachuoni walihitilafiana juu ya ujira wa kusomesha Qur'an, na wale waliokataza zamani miongoni mwa Hanafi walifuatiwa na waliokuja nyuma yao wakaruhusu, kwa kuchelea kwamba walimu wakikosa riziki elimu itapotea. Sababu hiyo ndiyo ninayoisema leo juu ya vitabu.

Tena uuzaji wa vitabu haukuwa aibu kwa waliotutangulia. Baghdad ya zamani ilikuwa na soko zima la warraqina, yaani wanakili na wauza vitabu. Ibn al-Nadim, aliyeandika al-Fihrist mwaka 377 Hijria kuorodhesha vitabu vya zama zake, alikuwa mwenyewe mfanyabiashara wa vitabu. Yaqut al-Hamawi, mwandishi wa kamusi kubwa ya miji na nchi, alichukuliwa mtumwa utotoni, na baadaye akaishi kwa kunakili vitabu na kuviuza. Hao ndio tunaowategemea leo. Je, tungewajua kama watu wa zama zao wangewaambia, "Tupe kimoja cha baraka"?

Mashine ya kudurufu

Nne, lipo jambo nimelinyamazia kwa muda. Madrasa moja, siitaji, ilinunua nakala moja ya kijitabu changu, ikaidurufu kwa idadi ya wanafunzi wake, na ikawauzia kwa shilingi 1,500. Mwalimu wake ni rafiki yangu. Alinisimulia mwenyewe kwa furaha, akidhani ananipa habari njema: "Kitabu chako kimetusaidia sana, mashaallah!" Nilishukuru kwa mdomo. Moyoni nilihesabu maboksi.

Nilijilaumu kwa kuwa na moyo mdogo, mpaka nikarejea kwa wanachuoni. Mwezi wa Disemba 1988, Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu iliyo chini ya Jumuiya ya Nchi za Kiislamu (OIC) ilikutana Kuwait, ikaamua kwamba haki ya mtunzi juu ya kazi yake ni haki inayolindwa na sharia, ina thamani ya mali, na haijuzu kuivamia. Sheria ya nchi yetu nayo, ile ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, inamlinda mtunzi katika uhai wake na miaka 50 baada ya kufa kwake. Basi si suala la moyo mdogo. Anayedurufu kitabu chote ili auze ni sawa na anayevuna shamba la mwenziwe akisema mvua ni ya Mungu. Na PDF inayorushwa kwenye makundi ya WhatsApp bila idhini ya mwenyewe ni mashine hiyo hiyo ya kudurufu, ila haina kelele.

Lakini nasema pia: kuomba idhini ni jambo jepesi. Lau rafiki yangu angeniambia, "Wanafunzi wangu ni masikini, nipe ruhusa niwadurufie sura ya udhu," ningempa papo hapo na nikamwombea dua. Haki ikiombwa hugeuka kuwa hisani. Ikichukuliwa tu, huacha dukuduku baina ya ndugu wawili.

Kukitembeza si riya

Tano, nimwambie mwanafunzi wangu mwenye daftari la mashairi: usione haya kukitembeza kitabu chako. Mimi nilichelea riya, nikakaa kimya, nikasubiri watu waje. Hawakuja, na si kwa ubaya. Hawakujua kama kipo. Riya ni kutaka usifiwe wewe. Kukitangaza kitabu ni kumwambia mwenye haja kwamba haja yake ipo mahali fulani kwa bei fulani. Sayyidna Uthman (R.A.) alipoamrisha misahafu inakiliwe hakuiacha Madina ingojee wasomaji, bali aliipeleka miji mbalimbali. Kuandika kulikuwa nusu ya kazi, na kufikisha ilikuwa nusu ya pili.

Na hapa pwani kwetu tunao wa kuwaiga. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa hakungoja mchapishaji amtafute. Mwaka 1930 alianzisha gazeti dogo la Kiswahili, Sahifa, na mwaka 1932 akaanzisha Al-Islah. Makala zake zilikusanywa baadaye katika kitabu kiitwacho Uwongozi, ambacho mwaka 2017 kilichapishwa pamoja na tafsiri ya Kiingereza huko Uholanzi, miaka 70 baada ya kufariki kwake. Sheikh Abdullah Saleh Farsy naye, kabla Qurani Takatifu yake haijatoka kamili mjini Nairobi mwaka 1969, sehemu zake zilikwisha kutoka kwa vipande. Wakubwa hawa walianza na kidogo, wakakipeleka kwa watu, wakarudi kuandika zaidi. Mimi niliyeanza na 500 kwa mpigo nilijiona mkubwa kuwashinda.

Lau ningeanza upya ningefanya hivi. Ningepitisha daftari kwanza na kuandika majina ya watakaonunua, hata kama ni 60 tu. Ningechapisha 100, ijapokuwa kila nakala ingegharimu zaidi, kwani heri ghali inayouzwa kuliko rahisi inayolala. Ningehakikisha kitabu kiko tayari Rajabu, ili Shaabani kiwe mikononi mwa watu, maana haja ya kitabu cha ibada hupanda Ramadhani inapokaribia. Ningesimama na meza ndogo kwenye Maulidi na khitma za madrasa, na siku ya Ijumaa nje ya ua wa msikiti, si ndani, kwa sababu Mtume (S.A.W.) amekataza biashara humo. Kwenye simu ningeonyesha kurasa mbili, bei, na namba ya kutumia fedha, nikanyamaza. Na nakala za bure ningezihesabu tangu mwanzo, kama 20, za masikini na maktaba, ili baada ya hapo niweze kusema "zimekwisha" bila kusema uongo.

Wito wangu

Wazazi wetu watukufu, mnapomwona mwalimu wa mtoto wenu ametoa kitabu, msimwombe cha baraka. Baraka imo katika kununua. Kiulizeni kwanza kama kinafaa, mfungueni mwenye elimu akikague, kikosoeni ikiwa kina makosa, na kikifaa nunueni kimoja. Kama fedha hazipo, semeni, na mtoto atasomea nakala ya maktaba yetu ya madrasa. Nimeweka tano rafuni. Walimu wenzangu, tuombane idhini. Na nyinyi wanafunzi, andikeni. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa mtu akifa amali zake hukatika isipokuwa tatu, na mojawapo ni elimu yenye kunufaisha watu. Lakini elimu iliyofungiwa ndani ya boksi chini ya kitanda humnufaisha nani, ila panya?

Baada ya Alfajiri ya kesho nitatoa boksi moja na kulipeleka kwenye khitma ya madrasa jirani. Nimetengeneza meza kwa mbao za kitanda cha zamani. Yule mwanafunzi wa mashairi amesema atanisindikiza ili aone jinsi ya kutaja bei bila kuinamisha uso, na fedha itakayopatikana tumekubaliana itakwenda moja kwa moja kwa mwenye cherehani.

Nililosema sawa linatoka kwa Allah, na nilipokosea ni kwangu mwenyewe. Tunamwomba Allah (S.W.) aijaalie kalamu yetu iwe hoja kwa ajili yetu, wala isiwe hoja dhidi yetu. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.